Bei ya Mafuta: Nani Aipandishaye, na Nani Aichunguzaye?

Hakuna bidhaa inayoingia katika nyumba ya kila mtu kwa siri kama petroli. Mtu asiyekuwa na motokaa, wala pikipiki, aweza kudhani kwamba habari za bei ya mafuta ni habari za matajiri wenye magari. Lakini mtu huyo huyo hula unga uliosagwa kwa mashine ya dizeli, hununua sukari iliyochukuliwa kwa lori, hupanda matatu kwenda mjini, na labda usiku huwasha taa ya mafuta ili watoto wake wasome. Petroli ikipanda bei leo, kesho nauli hupanda, na kesho kutwa vitunguu sokoni hupanda pia. Mwenye motokaa hulipa mara moja penye bomba la kutilia mafuta. Asiye na motokaa hulipa kidogo kidogo kila mahali, wala hapewi risiti.

Kwa sababu hiyo, kila bei inapopanda manung'uniko huwa mengi, na watu hutaka Serikali iyaite makampuni ya mafuta na kuyauliza: fedha hizi zote zaenda wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini ili mtu ajue kama jibu alilopewa ni la kweli, yampasa kwanza ajue jinsi bei inavyotengenezwa, tangu melini mpaka mkononi mwake.

SAFARI YA MAFUTA

Mafuta yanayotumika Kenya hutoka nje, na sehemu kubwa hutoka katika nchi za Ghuba ya Uajemi. Meli huyateremsha Mombasa, upande wa Kipevu, nayo hutiwa katika matangi makubwa. Kutoka hapo husukumwa katika bomba la chini ya ardhi hata Nairobi, mwendo wa kilomita 450 hivi. Bomba hilo, ambalo ni mali ya Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya, lilianza kazi mwaka wa 1978, na mwaka wa 1994 likaendelezwa mpaka Eldoret na Kisumu. Kabla ya hapo mafuta yalikwenda bara kwa gari la moshi na kwa malori, na barabara ya Mombasa iliumia sana.

Zamani kulikuwa na jambo jingine. Kule Changamwe kilijengwa kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi, nacho kilianza kazi mwaka wa 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru. Kwa miaka mingi makampuni yalilazimishwa na sheria kusafisha sehemu ya mafuta yao hapo. Lakini mitambo ilizeeka, gharama zikazidi, na mwaka wa 2013 kiwanda kikaacha kusafisha mafuta. Tangu hapo Kenya imekuwa ikinunua petroli, dizeli na mafuta ya taa yaliyokwisha kusafishwa katika nchi nyingine. Maana yake ni kwamba bei ya ulimwengu ikibadilika, hakuna ukuta wa kuizuia isifike nyumbani.

SERIKALI ILIPOACHA, NA ILIPORUDI

Mpaka mwaka wa 1994 bei ya mafuta ilikuwa ikiwekwa na Serikali yenyewe. Mwezi wa Oktoba mwaka huo, biashara iliachwa huru. Fikira iliyokuwako ni kwamba makampuni yakiwa mengi, kila moja litataka kumvuta mnunuzi kwa kupunguza bei, na mwananchi atapata nafuu. Makampuni mapya yaliingia, na vituo vya petroli viliongezeka hata katika miji midogo.

Lakini baada ya miaka, watu waliona ajabu moja. Bei ya ulimwengu ilipopanda, bei ya vituoni ilipanda upesi kama mwenye kukimbizwa; bei ya ulimwengu iliposhuka, ile ya vituoni ilishuka polepole kama mzee ateremkaye mlima. Jambo hili lilionekana wazi kabisa mwaka wa 2008. Mwezi wa Julai mwaka huo, pipa moja la mafuta ghafi lilifika dola 147. Kabla mwaka haujaisha, pipa lile lile lilikuwa chini ya dola 40. Hata hivyo wananchi hawakuona petroli ikishuka kwa kadiri hiyo. Makampuni yalijibu kwamba mafuta waliyokuwa wakiuza yalikuwa yamenunuliwa kwa bei ya zamani, wakati wa ghali, na kwamba shilingi nayo ilikuwa imepungua nguvu mbele ya dola. Majibu hayo hayakuwa uongo mtupu. Lakini watu waliuliza: mbona akiba ya bei ya chini haikumbukwi wakati bei inapopanda?

Waziri wa Kawi wa wakati ule, Bwana Kiraitu Murungi, aliyaonya makampuni kwamba yasipopunguza bei kwa hiari, Serikali itarudi kuiweka kwa sheria. Maonyo hayakutosha. Mwaka wa 2010 kanuni za bei ya petroli zilitangazwa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2006, na mwezi wa Desemba mwaka huo bei za kwanza zikawekwa. Kazi hiyo ilipewa Tume ya Kudhibiti Kawi. Mwaka wa 2019 sheria mpya iliibadilisha ikawa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, ambayo watu wengi huijua kwa jina la EPRA.

HESABU YA KILA MWEZI

Tangu wakati huo desturi imekuwa hii. Tarehe 14 ya kila mwezi bei hutangazwa, nazo hutumika tangu tarehe 15 mpaka tarehe 14 ya mwezi ufuatao. Kila mji una bei yake. Mombasa huwa nafuu kwa kuwa ndiko mafuta yanakoteremshwa, na miji ya mbali kama Mandera hulipa zaidi kwa sababu ya safari. Bei hiyo ni kikomo cha juu. Mwenye kituo akitaka kuuza chini ya hapo hakatazwi. Akiuza juu yake avunja sheria.

Hesabu yenyewe ina mafungu manne. La kwanza ni gharama ya kununua mafuta na kuyafikisha Mombasa. La pili ni gharama ya kuyahifadhi na kuyasafirisha, kwa bomba na kwa barabara. La tatu ni fungu la faida na matumizi ya makampuni na wenye vituo. La nne ni kodi na ushuru wa Serikali.

Tuchukue mfano ambao wengi watakumbuka. Katikati ya mwezi wa Septemba, 2023, lita moja ya petroli Nairobi ilipita shilingi 200 kwa mara ya kwanza, ikawa shilingi 211 na senti 64. Mwananchi aliyetia lita 10 alitoa zaidi ya shilingi 2,100. Watu wengi walidhani kwamba makampuni ndiyo yaliyokula fedha hizo. Basi tazama: fungu lililoruhusiwa kwa makampuni na wenye vituo, wote pamoja, lilikuwa shilingi 12 na senti 39 kwa lita. Ushuru wa bidhaa ulikuwa shilingi 21 na senti 95. Tozo ya kutengeneza barabara ilikuwa shilingi 18. Tozo ya maendeleo ya petroli ilikuwa shilingi 5 na senti 40. Juu ya hayo ilikuwako kodi ya ongezeko la thamani, ambayo mwezi wa Julai mwaka ule ule ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 mpaka asilimia 16. Hiyo peke yake ilifika karibu shilingi 29. Ukijumlisha manne hayo, utaona kwamba zaidi ya shilingi 74, yaani zaidi ya theluthi ya bei, ilikwenda kwa Serikali, bila kuhesabu tozo nyingine ndogo ndogo.

Hapo ndipo penye neno gumu. Serikali ni mchunguzi wa makampuni, na wakati huo huo ni mwenye kupata fungu kubwa kuliko makampuni. Haisemwi kwamba kodi ni kitu kibaya. Barabara hazijengwi kwa maombi, wala waalimu hawalipwi kwa shukrani. Lakini mchunguzi aliyeshika mizani ya wengine yampasa aipime na mifuko yake mwenyewe mbele ya watu wote. Mwezi wa Julai, 2024, tozo ya barabara ilipopandishwa kutoka shilingi 18 mpaka shilingi 25, hakuna kampuni iliyohusika na nyongeza hiyo.

YALIYOPATA MAFUTA YA TAA

Mfano mwingine waonyesha jinsi dawa ya ugonjwa mmoja iwezavyo kumdhuru mgonjwa mwingine. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kwa kuwa ni mafuta ya maskini. Wafanya biashara wengine wabaya waliona njia: waliyachanganya mafuta ya taa na dizeli, wakauza mchanganyiko huo kwa bei ya dizeli. Serikali ilipoteza ushuru, na injini za malori na matrekta ziliharibika. Wakaguzi walikwenda vituoni na kupima, wakafunga baadhi ya vituo, lakini wizi uliendelea.

Mwezi wa Septemba, 2018, Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili bei yake ikaribie ile ya dizeli na faida ya kuchanganya iishe. Kwa upande wa wizi, dawa ilifanya kazi, maana mauzo ya mafuta ya taa yalipungua sana. Lakini mama anayenunua chupa moja ya mafuta kwa ajili ya jiko na taa hakuwa mwizi, naye alilipa tozo ile ile. Wenye uwezo walihamia gesi. Wasio na uwezo walirudi kwenye kuni na makaa. Hivyo uchunguzi wa makampuni na wauzaji hauwi mwema kwa sababu tu umewakamata wabaya. Yafaa kuuliza pia ni nani aliyelipa gharama ya kuwakamata.

MISTARI YA MAGARI YA MWAKA WA 2022

Mwaka wa 2021 bei ya ulimwengu ilipoanza kupanda tena, Serikali iliamua kuizuia kwa ruzuku. Makampuni yaliambiwa yauze chini ya gharama yao kamili, na Serikali iliahidi kuwalipa tofauti kutoka katika mfuko wa tozo ya maendeleo ya petroli. Mwananchi alifurahi, maana bei ilisimama kwa muda. Lakini malipo yalichelewa, deni likakua, na mwezi wa Februari, 2022, vita vya Ukraine vikapandisha bei ya ulimwengu kwa ghafula.

Mwezi wa Machi na wa Aprili, 2022, mafuta yalikosekana. Mistari ya magari ilizunguka vituo huko magharibi ya nchi, kisha Nairobi. Wenye bodaboda walishinda juani na madumu yao. Wakulima, wakati wa kulima, walikosa dizeli ya matrekta. Serikali ilisema kwamba makampuni mengine yalikuwa yakificha mafuta kungojea bei mpya, au kuyapeleka nchi jirani ambako yalilipwa mara moja na kwa dola. Makampuni yalijibu kwamba hayakulipwa haki yao, na kwamba mwenye duka asiyelipwa na mdeni wake hawezi kujaza tena rafu zake. Mwezi wa Aprili mkuu wa kampuni ya Rubis Energy Kenya, raia wa Ufaransa, aliondoshwa nchini. Tarehe 14 ya mwezi huo bei ya petroli Nairobi ilipandishwa kutoka shilingi 134 na senti 72 mpaka shilingi 144 na senti 62, na baadaye mistari ikaisha.

Mtu mwadilifu akiyapima mambo hayo ataona kwamba pande zote mbili zilikuwa na kosa. Kuficha bidhaa ambayo watu hawawezi kuishi bila hiyo ni kosa kubwa, na adhabu yake yafaa iwe kali. Lakini ahadi ya malipo isiyotimizwa nayo ni kosa, hasa ikiwa mwenye kuahidi ndiye mwenye kuhukumu. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi za siku zile walikuwa wenye bodaboda, wenye matatu na wakulima.

MAJIRANI NA WATU WA MBALI

Kenya si peke yake. Tanzania, ambako kazi hii hufanywa na mamlaka iitwayo EWURA, ilipata msiba kama huo mwezi wa Agosti, 2011. Mamlaka ilipunguza bei, na makampuni mengi yakaacha kuuza. Dar es Salaam ikakauka ingawa mafuta yalikuwamo matangini. EWURA iliyaamuru makampuni manne yauze, na BP Tanzania ikafungiwa biashara ya vituo kwa miezi 3. Lakini Watanzania hawakukoma kwenye adhabu. Mwaka uliofuata walianza utaratibu wa kuagiza mafuta kwa pamoja, kwa zabuni, ili gharama ya kila meli ijulikane na wote. Adhabu humtisha mtu mmoja. Utaratibu mzuri huwazuia wengi.

Hata nchi tajiri huchunguza. Marekani, mwaka wa 1911, mahakama kuu iliamuru kampuni ya Standard Oil, iliyokuwa imemeza karibu biashara yote ya mafuta ya nchi ile, ivunjwe, ikawa makampuni 34. Uingereza nako, mwezi wa Julai, 2023, mamlaka ya mashindano ya biashara ilitangaza matokeo ya uchunguzi wake: faida ya maduka makubwa yauzayo mafuta ilikuwa imeongezeka kwa peni 6 kwa kila lita toka mwaka wa 2019 mpaka 2022, na wenye magari walikuwa wamelipa zaidi kwa kadiri ya pauni milioni 900 katika mwaka wa 2022 peke yake. Duka moja kubwa, Asda, lilitozwa faini kwa kutoleta habari zilizotakiwa. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba uchunguzi ule ulitoa hesabu hadharani. Kila mtu aliweza kusoma, akajua peni zake zilikwenda kwa nani.

MLANGO WA MELINI

Kwa miaka mingi mafuta ya Kenya yaliagizwa kwa zabuni ya wazi. Makampuni yalishindana kila mara, iliyotaja bei ndogo ikaleta mafuta kwa niaba ya wote. Mwezi wa Machi, 2023, kwa sababu ya uhaba wa dola, Serikali iliacha njia hiyo na kufanya mapatano na makampuni makubwa matatu ya Ghuba: Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Mafuta yangeletwa kwa mkopo wa siku 180, ili nchi isitafute dola nyingi kwa mara moja.

Wako waliosifu mapatano hayo kwa kuipa shilingi nafasi ya kupumua. Wako pia waliouliza kama mahali pasipo na mashindano bei yaweza kuwa ndogo. Uganda, ambayo mafuta yake mengi hupita Mombasa, haikuridhika. Mwezi wa Novemba, 2023, Rais Museveni alilaumu hadharani kwamba watu wa kati walikuwa wakiipandishia nchi yake bei, na Uganda ikaamua kujiagizia kwa kampuni yake ya taifa. Baada ya mabishano, yaliyofika hata katika Mahakama ya Afrika ya Mashariki, njia ilifunguliwa, na mwezi wa Julai, 2024, Uganda ikaanza kupokea mafuta iliyojiagizia.

Fundisho lililomo ni hili: mkaguzi akisimama penye kituo tu, huona shilingi chache za mwenye kituo. Fedha nyingi huamuliwa mapema, katika mkataba, katika nauli ya meli na katika bei ya dola. Uchunguzi usiofika melini ni sawa na kuhesabu maji kwenye kata wakati mtungi unavuja.

WAJIBU WA MWANANCHI

Yako mambo ambayo kila mnunuzi aweza kuyafanya. Ajue bei iliyotangazwa kwa mji wake, maana hutangazwa kila mwezi katika magazeti na redio. Kabla ya kutiliwa mafuta, atazame kwamba hesabu ya mashine inaanzia sifuri. Adai risiti. Akiona bei imepita kikomo, au injini yake imeharibika baada ya kutia mafuta mahali fulani, asinung'unike barazani tu. Apeleke habari kwa Mamlaka, na jina la kituo, na siku, na saa. Manung'uniko yasiyo na tarehe hayawezi kumshitaki mtu.

Na wale waliochaguliwa kwenda Bungeni nao wana wajibu wao. Ni rahisi kuyaita makampuni na kuyakemea mbele ya watu wa magazeti. Ni vigumu zaidi kuutaka mkataba usomwe, kuitaka hesabu ya kila tozo ielezwe, na kuuliza kama fedha za barabara zimefika barabarani. Lakini kazi hiyo ngumu ndiyo yenye faida. Makampuni yanatafuta faida, nayo hayawezi kulaumiwa kwa kuwa wafanya biashara. Yalaumiwe yanapoficha, yanapodanganya, au yanapokubaliana kwa siri. Serikali inatafuta kodi, nayo haiwezi kulaumiwa kwa kuwa Serikali. Ilaumiwe inapojificha nyuma ya makampuni.

Mnunuzi amesimama kati ya hao wawili, na kila mmoja humwambia kwamba mwenzake ndiye mwenye makosa. Silaha yake ni moja: kuijua hesabu. Mtu ajuaye kwamba katika lita yake kuna shilingi ngapi za meli, ngapi za bomba, ngapi za kampuni na ngapi za kodi, hawezi kudanganywa upesi na yeyote kati yao.